Leo Tuimbe Nini? Mafunzo Niliyopata Nikiongoza Korale Nyangezi

Huku kwetu Nyangezi, mashariki mwa Kongo, anayeongoza korale (kwaya) haitwi mwalimu, anaitwa maestro. Ukishaitwa hivyo, watu wanakudai mengi. Wengi hudhani kazi kubwa ya maestro ni kufundisha sauti. Sivyo. Sauti ya pili na ya tatu watu huzishika baada ya repetisyo (mazoezi) chache, hata wale wasiosoma nota. Kazi inayokunyima usingizi ni swali linalorudi kila siku: leo tuimbe nini?

Nimelijibu swali hilo miaka mingi, kanisani, kwenye vilio, kwenye harusi, kwenye salongo (kazi ya pamoja ya mtaa), na nyumbani alfajiri nikiwa peke yangu na redio. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili yako kijana uliyeshika korale sasa, ambaye unaota siku ya kuimba kwenye kathedrali ya Bukavu. Utaimba huko, sina shaka.

1. Kalenda inaijua siku, haiwajui watu

Sisi tuliolelewa kwenye misioni hii, ambayo Mapadri Weupe waliifungua mwaka 1906, tulifundishwa kuitii kalenda ya Kanisa. Walionifundisha mimi waliimba Kilatini tangu utotoni, mpaka Mtaguso wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturujia Desemba 1963 na lugha zetu zikaingia altareni. Mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, na hapo mwili nao ukaingia: Utukufu unachezwa kuizunguka altare, na maungamo yanakuja baada ya mahubiri, mtu akiwa ameshaguswa na Neno. Mpango huo ni wa hekima. Kalenda nayo ina hekima yake: Kwaresima hakuna Utukufu wala Aleluya. Majilio ni ya kungoja, ila Jumapili yake ya tatu ni ya furaha. Mtu anayeifuata kalenda hapotei sana.

Lakini kuna Jumapili moja ya Pasaka ambayo sijaisahau. Tulikuwa tumejitayarisha vizuri, ngoma zimekazwa, kina mama wamevaa vitenge vya korale. Jumamosi jioni lori lilikuwa limeanguka kwenye mteremko wa Ngomo, na familia mbili za waliokufa zilikuwa zimekaa viti vya mbele. Habari nilikuwa nazo. Tukacheza Utukufu wote kama ulivyopangwa, na tukacheza vizuri. Baada ya Misa mama mmoja, dada wa mjane, alinishika mkono akaniambia kwa upole: “Maestro, mmeimba vizuri. Ila sisi hatukuwemo.”

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kabla ya repetisyo, napitia kwa katekista na kwa viongozi wa mashirika, zile jumuiya zetu ndogo za Kikristo. Nauliza nani amefiwa, nani amejifungua, mvua ya mawe imeharibu maharage ya kilima gani, mtoto wa nani amepata diploma. Kisha ndipo nafungua daftari. Siivunji kalenda, Pasaka inabaki Pasaka. Ila kuna nyimbo za Pasaka za kukimbia na nyimbo za Pasaka za kutembea, na kila Jumapili ina mwendo wake.

2. Anza pale watu walipo, kisha wasogeze

Ukisahau mengine yote, shika hili.

Lilinifikia kwenye kilio. Mwalimu mmoja mzee alikuwa amefariki, na vijana wa korale walifika usiku na ngoma, wakaanza moja kwa moja na wimbo wa ufufuko, wa kasi, wa kupiga makofi. Nia yao ilikuwa safi, walitaka kufariji. Watu waliokaa kuzunguka moto walinyamaza tu. Hakuna aliyekemea, hakuna aliyeitika. Wimbo ulifika mwisho ukafa wenyewe.

Kisha bibi mmoja, aliyekuwa amejifunika shuka karibu na mlango, akaanzisha wimbo wa Mashi, lugha yetu, kwa sauti ya chini mno, karibu na kunung'unika. Hakufungua macho. Waliokaa karibu naye wakaitika, kisha safu ya nyuma, kisha wanaume waliokuwa nje. Waliurudia muda mrefu, na watu wakalia, wakalia kweli. Mimi nilidhani ataishia hapo. Kilichonishangaza ni kwamba bibi huyo huyo, bila kusimama, alianza kuuinua. Aliongeza mwendo kidogo, akapandisha toni kidogo, akabadilisha kiitikio kimoja. Alipofika kwenye wimbo wa tatu mtu alikuwa ameichukua ngoma ile ile ya vijana, na watu wale wale walikuwa wamesimama. Hakuna aliyeweza kuonyesha saa ambayo huzuni iligeuka.

Miaka baadaye nilisoma kwamba daktari mmoja wa magonjwa ya akili wa Marekani, Ira Altshuler, aliandika jambo hilo katika miaka ya 1940: mgonjwa apigiwe kwanza muziki unaolingana na hali yake, halafu muziki ubadilike taratibu naye abadilike nao. Wataalamu wa tiba ya muziki wanaiita kanuni ya iso. Bibi yetu hakuhitaji jina la kanuni.

Ukiisikiliza rumba yetu utaikuta imejengwa hivyo hivyo. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia shida yake, anakupa muda wa kukaa nayo. Ndipo magitaa yanashika na sebene, ile sehemu ya kucheza, inalipuka, na miguu inajibu yenyewe. Anayeanza na sebene anapata watu wachache wanaoruka. UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu Desemba 2021, na sisi tulifurahi kwa haki. Mimi naipenda zaidi kwa ajili ya huo mwanzo wake wa taratibu, ambao siku hizi vijana wanaukata ili wafike haraka kwenye kucheza.

Kwa hiyo ukipewa nyimbo tatu za kuimba mahali, chagua wa tatu kwanza: huko ndiko unakotaka kuwafikisha. Halafu rudi utafute wa kwanza, ulio karibu na walipo. Wa kati utajitokeza wenyewe.

3. Maneno yasikilizwe kabla ya kucheza

Kwetu Lingala tuliisikia kwanza kwa wanajeshi na kwenye sahani za santuri. Wengi wetu tulizicheza nyimbo za wanamuziki Franco na Tabu Ley tukiwa tumeshika neno moja moja tu. Kwenye harusi moja, mpiga muziki aliweka “Mokolo Nakokufa” ya Tabu Ley. Sauti yake ni tamu, inabembeleza, na maharusi walikuwa katikati ya uwanja wakizunguka. Baba mmoja aliyekuwa amefanya kazi Kinshasa akainuka kwenye kiti, akaenda kwa mpiga muziki, akamnong'oneza. Wimbo ule ni wa mtu anayewaza siku atakayokufa.

Hakuna ubaya katika wimbo huo. Nauhesabu kati ya nyimbo bora zilizotungwa katika nchi hii. Lakini sauti na maneno yake havisemi jambo moja, na yule aliyeelewa maneno alikuwa kwenye kilio wakati sisi tuko kwenye harusi. Tangu hapo, wimbo wa lugha nisiyoimudu vizuri nautafutia mtu wa kunitafsiria mstari kwa mstari. Na zile za Kiswahili kutoka Tanzania nazo nazisoma, maana kuna maneno ya pwani ambayo huku kwetu yana uzito mwingine.

4. Wimbo unasema lisilosemeka

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa Marekani, Alan Merriam, alikuja kurekodi nyimbo za Bashi, watu wetu. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 anasimulia juu ya wasichana wetu waliofanya kazi kwenye shamba la Mzungu. Mwenye shamba alikuwa ameacha kuwapa chumvi na mafuta. Hawakwenda kumlalamikia. Waliimba, naye yupo, na malalamiko yote yalikuwa ndani ya wimbo.

Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka mama yangu. Alikuwa na wimbo wake wa kutwangia muhogo, na sisi watoto tulijua kwa wimbo huo kama baba ameleta pesa au hakuleta. Hakugombana naye mbele yetu. Baba naye alijua. Alikuwa akisikia beti fulani anakohoa, kisha anatoka kwenda kutafuta.

Kwa hiyo usikimbilie nyimbo za furaha eti kwa sababu watu wamechoka. Siku ya salongo, watu wanapozibua mtaro ambao ulipaswa kuzibuliwa na wengine, wimbo wenye kuuma kidogo ndio unaofanya majembe yaende pamoja. Uchague mwenyewe kwa busara, ujue unamgusa nani, na uwe tayari kuulizwa.

5. Kuna mahali pa kuzima

Mashofa wanaotoka Bukavu kwenda Uvira hupita kwetu na muziki juu kabisa. Wengi wao, wakikaribia Ngomo, huzima. Niliwahi kumuuliza mmoja, akanijibu kwamba pale anataka kusikia gari lake na honi ya anayekuja upande wa pili. Baada ya Komunyo mimi nami huzima sasa. Zamani nilijaza kila nafasi kwa wimbo.

6. Siku ya hofu si siku ya wimbo mpya

Ijumaa tarehe 14 Februari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Bukavu, na Jumapili tarehe 16 mji ulikuwa mikononi mwao. Usiku wa katikati ya siku hizo hakuna aliyelala. Kila mtu alikuwa na simu sikioni akitafuta ndugu. Jumapili tulikutana watu wachache wa shirika letu nyumbani kwa jirani, madirisha yamefungwa.

Injili ya siku hiyo ilikuwa ya Luka, sura ya 6, pale Yesu anapowaita heri maskini, wenye njaa na wanaolia. Hakuna aliyeichagua, ndiyo iliyokuwa zamu yake. Mimi nilikuwa na wimbo mpya tuliofanyia repetisyo wiki nzima, wenye maneno mazito ya ujasiri, nikadhani huu ndio wakati wake. Tulipoanza, sauti zilikatika katikati ya mstari. Nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: mwenye hofu ana pumzi fupi. Mstari mrefu unamshinda, hata kama moyo wake unautaka.

Tukauacha. Msichana mdogo akaanzisha wimbo wa watoto wa katekesi, mistari mifupi, mmoja anaita na wengine wanaitika kwa neno moja. Kila mtu aliujua tangu utotoni. Hakukuwa na la kukumbuka wala la kutafuta, mdomo ulikwenda wenyewe, na pumzi zikarefuka kadiri tulivyorudia. Mzee mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu Ijumaa alikuwa anaitika.

Kwa hiyo korale yako iwe na akiba: nyimbo fupi, za zamani, zisizohitaji kinanda wala karatasi, ambazo bibi na mjukuu wanazijua sawa. Zifanyieni repetisyo wakati wa amani. Vijana watakuambia zimechakaa. Wafundishe hivyo hivyo.

7. Na nyumbani, kwa ajili yako mwenyewe

Mtu anayewachagulia wengine nyimbo huweza kukaa bila wimbo wake. Mimi asubuhi nasikiliza habari kwanza, Radio Okapi au Radio Maendeleo, kama umeme upo au betri zina nguvu. Baada ya habari nazima, najiuliza nimeamkaje, ndipo nachagua. Siku nyingine ninaamka mzito bila sababu, basi naanza na wimbo mzito, sijilazimishi. Siku ya kwenda sokoni nataka kitu chenye mwendo wa miguu. Jumatatu, baada ya kelele za Jumapili, nataka gitaa moja tu, mtu kama Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 na ambaye gitaa lake peke yake linatosha nyumba nzima.

Vijana wa soko la Kadutu, mjini Bukavu, watakujazia kadi ya simu nyimbo mia kadhaa kwa pesa kidogo. Zichukue, lakini zisikilize moja moja na ufute. Kadi yenye nyimbo chache unazozijua ndani nje itakusaidia kuliko ile iliyojaa, kwa sababu saa ya kuchagua hutakuwa na muda wa kutafuta.

Na weka daftari. Langu lina safu tatu: jina la wimbo, toni ya kuanzia, na siku unayoifaa. Sijaandika “Pasaka” wala “Noeli” katika safu ya tatu. Hayo yapo kwenye kalenda. Nimeandika “baada ya mazishi ya mtoto,” “mvua imerudi,” “watu wamegombana,” “wanafunzi wanasubiri matokeo.” Kurasa za “watu wamegombana” bado zina nafasi nyingi, maana nyimbo za siku hiyo ni chache na ngumu kupata. Ukiwa na moja iliyokufanyia kazi, niletee. Tunafanya repetisyo Jumamosi mchana, na daftari huwa liko juu ya meza kwa anayetaka kunakili.