Unga wa mkaa, limau na meno meupe

SWALI: Daktari, hapa Kamembe nimeuziwa unga mweusi wa kung'arishia meno kutoka Bukavu. Shangazi anasema limau linatosha. Nifuate lipi?

JIBU: Achana na yote mawili. Mkaa huondoa madoa ya chai ya juujuu, ila hukwangua enameli, na enameli ikiisha hairudi. Chini yake kuna dentini, ambayo ni ya manjano! Limau nalo ni asidi, hula enameli hiyo hiyo. Kinachong'arisha kweli ni peroksidi ya hidrojeni, ingawa huweza kuleta ganzi ya meno na kuwasha fizi. Tangu 2012 Umoja wa Ulaya hauruhusu kumuuzia mteja moja kwa moja dawa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya peroksidi hiyo. Chupa isiyoandikwa kiasi, usiinunue. Jino lililotoboka litibiwe kwanza. Nenda Hospitali ya Gihundwe ukapimwe.