Kufundisha Neno la Ngoma Lililogeuka Vazi

Miaka michache iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha huko Lagangabilili, wilayani Itilima, tulikaa nyuma ya Darasa la Tano tukimsikiliza mwalimu mwanachuo akifundisha msamiati wa Kiswahili. Kifungu cha habari kilieleza mavazi ya vijana wa mijini katika miaka ya 1970, na miongoni mwa maneno mapya lilikuwamo neno bugaluu. Mwanachuo alieleza sawasawa kwamba bugaluu ni suruali inayobana mapajani na kupanuka kuanzia magotini hadi chini. Akaichora ubaoni, kisha akawataka wanafunzi watunge sentensi. Mvulana mmoja aliandika: "Babu yangu alikuwa mtu wa bugalu, lakini mjomba ni wa bugika." Sentensi hiyo ilitiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pembeni pakaandikwa: "Bugaluu ni suruali." Katika majuma yaliyobaki mvulana yule hakunyosha mkono tena. Nasi tuliokuwa wasimamizi tuliliona daftari lile siku ile ile wala hatukushtuka, maana hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kisukuma.

Mvulana hakukosea jambo lolote ila tahajia ya neno aliloulizwa. Wacheza ngoma wa Usukumani wamegawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili vishindanavyo, Bagika na Bagalu. Mapokeo husema kwamba asili ya vyama hivyo ni waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa uchezaji. Mashindano hufanyika aghalabu baada ya mavuno, pande mbili zikicheza kwa wakati mmoja, na upande unaovuta watazamaji wengi zaidi ndio unaoshinda. Kwa mtoto wa Itilima, basi, bugalu ni jambo la ukoo na la heshima, alilolisikia kabla hajaona kitabu.

Sasa tulitazame lile neno la kitabuni. Katika miaka ya 1960 huko Marekani ulivuma muziki na uchezaji ulioitwa boogaloo, hasa miongoni mwa vijana Weusi na vijana wa asili ya Puerto Rico mjini New York. Neno lilipofika Afrika Mashariki na kuvaa matamshi yetu, uchezaji ulisahauliwa, likabaki jina la suruali. Hivyo mwanachuo aliyeandika kwamba bugaluu ni suruali tu hakujua kwamba neno lake mwenyewe lilianza kuwa ngoma!

Safari ya namna hii si ya Kiswahili peke yake. Waingereza walichukua kutoka Kihispania neno bolero, ambalo kwao ni ngoma ya Hispania ya karne ya 18, na pia ni kikoti kifupi kisichofika kiunoni. Huko Kuba jina hilo hilo lilipewa aina ya wimbo wa mapenzi wa mwendo wa taratibu, na katika miaka ya 1950 lilichapwa juu ya sahani za santuri za Kongo pamoja na majina rumba na chacha. Ngoma na vazi hukaa pamoja machoni pa mtazamaji. Si ajabu jina likahama kutoka kimoja kwenda kingine.

Je, mwalimu afanyeje? Kwanza, asitoe maana kabla ya kuuliza. Swali la "Nani amewahi kusikia neno hili, na alilisikia wapi?" huchukua dakika tatu tu za kipindi, na lingetosha kumwokoa mvulana yule. Pili, aanze na neno ambalo wanafunzi wote wanalijua kwa maana mbili. Kanga ni ndege na ni nguo; ngoma ni chombo kinachopigwa na ni mchezo wenyewe. Wakishaona hivyo, hawatashangaa neno moja kuwa na nyumba mbili.

Tatu, na hapa ndipo penye utamu wa somo, awaongoze wanafunzi wayapasue maneno yale mawili. Katika Kisukuma, bu- ya bugalu ni kiambishi: chama ni bugalu, wanachama ni bagalu, kama vile Kiswahili kisemavyo ualimu na walimu. Katika bugaluu la Kiswahili, bu- haibanduki; hatuwezi kusema "bagaluu" tukakusudia wavaaji wake. Wanafunzi wa Lagangabilili wanaweza kuligundua jambo hili wenyewe ubaoni, tena kwa haraka kuliko mwalimu aliyetoka mkoa mwingine. Asione haya kufundishwa nao.

Kuhusu usahihishaji, tunashauri kwamba sentensi yenye maana usiyoijua isitiwe alama ya kosa mpaka mwandishi wake ameulizwa. Weka nukta ya penseli, mwite mtoto mezani, umwambie akueleze. Kama mwanachuo wetu angefanya hivyo, au kama sisi tungemnong'oneza afanye hivyo, darasa lile lingepata habari za babu mcheza ngoma, na tahajia ya bugaluu ingesahihishwa kwa kuongeza herufi moja.