Ziada kabla ya riba: namba ya kuitafuta katika bajeti

Bajeti inaposomwa, wanunuzi wengi wa hatifungani huuliza mambo mawili tu: kodi ipi imepanda, na nakisi ni kiasi gani. Ipo namba ya tatu, nayo ndiyo inayomhusu zaidi aliyeikopesha serikali fedha zake. Ni ziada kabla ya riba: mapato ya serikali ukitoa matumizi yote isipokuwa riba ya madeni.

Tuchukue tarakimu ndogo. Serikali inadaiwa shilingi 1,000 kwa riba ya asilimia 12. Imekusanya 300 na kutumia 270 kwa mishahara, dawa, barabara na mengineyo. Ziada ni 30. Lakini riba ni 120, kwa hiyo itakopa 90 nyingine na deni litafika 1,090. Je, hali imeharibika? Si lazima. Deni limekua kwa asilimia 9. Kama pato la taifa nalo limekua kwa asilimia 9, mzigo ni ule ule. Pato likikua kwa asilimia 5 tu, mzigo umeongezeka, na ziada iliyohitajika ilikuwa 70. (Mfumuko wa bei nao hulivimbisha pato hilo, ila hapo anayelipa ni mwenye hatifungani.)

Jamaika inatufundisha vizuri. Mwanzoni mwa 2013 deni lake lilikuwa karibu mara moja na nusu ya pato la taifa. Februari mwaka huo serikali iliwataka wakopeshaji wa ndani wabadilishe hatifungani zao kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Mtaji haukukatwa, lakini aliyepanga ada za watoto kwa riba ile alilazimika kupanga upya. Ilikuwa mara ya pili, kwani ya kwanza ilifanyika 2010.

Mwezi Mei 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo, na serikali ikaahidi ziada kabla ya riba ya asilimia 7.5 ya pato la taifa. Ni ziada kubwa mno, nchi chache zimeiweza. Mishahara ya watumishi ilizuiwa na miradi ikabanwa. Kamati yenye watu wa sekta binafsi iliwekwa kufuatilia ahadi hizo na kutoa taarifa hadharani. Mwaka 2015 Jamaika ilinunua deni lake la mafuta kwa Venezuela, la takriban dola bilioni 3, kwa dola bilioni 1.5. Chama kingine kilishika serikali 2016 na mpango ukaendelea. Kufikia Machi 2019 deni lilikuwa chini ya pato la taifa la mwaka mmoja. Uviko-19 ulilipandisha tena, kisha likashuka.

Kuipata namba hii hakuhitaji mtaalamu. Fungua kitabu cha bajeti, chukua nakisi, tafuta fungu la riba. Riba ikizidi nakisi, ziada ipo, na tofauti ndiyo kiasi chake. Kisha uliza jambo moja zaidi, hasa wewe unayeiuzia serikali bidhaa: je, wakandarasi na wazabuni wamelipwa? Pale hesabu inapofuata fedha zilizotoka tu, ankara zikilala bila kulipwa hadi mwaka ufungwe, ziada huonekana kwenye karatasi, na deni limehamia dukani kwako bila riba.