Somo la 8: Kujazwa Kabla ya Kutoa

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wafalme 19:1–18, Marko 6:30–32, Matendo 9:36–43, Kutoka 18:13–26, Hesabu 27:1–7, Wafilipi 4:2, 3.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:9. (Lisome katika Biblia yako kila siku juma hili.)

Katika miteremko ya Milima ya Upare, kama kule Vudee na Bangalala wilayani Same, wakulima wamerithi kwa mababu zao mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji ya kijito huelekezwa humo usiku, na asubuhi ndiva hufunguliwa ili maji yashuke kwa mfereji hadi mashambani. Ndiva ikifunguliwa kabla haijajaa, maji hukosa nguvu. Mfereji huyanywa njiani, na shamba la mwisho hubaki kavu.

Viongozi wengi wa Huduma za Wanawake wanaujua ukavu huo. Sabato mama amefundisha na kuongoza maombi. Jumapili amekwenda msibani. Jumatatu amefuatilia michango ya makambi, na jioni ameambiwa kwamba mgonjwa fulani hakutembelewa. Shamba linamngoja, na watoto wanamngoja. Lawama anazisikia kila mara, shukrani mara chache. Siku moja anamwambia mzee wa kanisa, "Mwaka ujao msinichague."

Je, Mungu ana neno gani kwa mama huyu? Somo la juma hili linaonyesha kwamba Bwana hamwiti mtumishi atoe asichopewa, wala hamwiti abebe peke yake.

JUMAPILI
Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli. Je, Mungu alimfanyia nini kwanza alipomkuta amekata tamaa?

Nabii aliyeomba moto ukashuka sasa anaomba afe. Jambo la kuangaliwa ni mpangilio wa matendo ya Mungu. Malaika hakuanza kwa kumkemea wala kwa kumpa kazi mpya. Eliya aliachwa alale, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa tena ale. Sababu aliyopewa ni kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kupita nguvu zake. Baada ya hapo ndipo alipotembea siku arobaini hadi Horebu, na huko Mungu akamwuliza swali.

Soma pia Marko 6:30–32. Mitume walirudi na taarifa nzuri za kazi. Watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Yesu hakuwasifu kwa kukosa chakula. Aliwaita waende naye kando wakapumzike.

Kupumzika pamoja na Kristo ni sehemu ya utii. Mama anayewaongoza wengine katika maombi anahitaji saa yake mwenyewe ya kuomba, ambayo hatayarishi somo wala kupanga ratiba, bali anapokea. Usiku wa ndiva hauonekani kuwa kazi, lakini bila huo usiku asubuhi haina maji.

Je, ni lini mara ya mwisho ulipofungua Biblia kwa ajili ya nafsi yako, si kwa ajili ya kufundisha?

JUMATATU
Nguo Mikononi mwa Wajane

Soma Matendo 9:36–43. Wajane walimwonyesha Petro nini? Jambo hilo linafundisha nini kuhusu kipimo cha huduma?

Luka anamwita Tabitha, yaani Dorkasi, mwanafunzi. Katika Agano Jipya la Kigiriki, hapa peke yake ndipo neno hilo linapotumika kwa umbo la kike. Hatuambiwi kwamba alihubiri mbele ya mkutano. Tunaambiwa kwamba alijaa matendo mema, na kwamba alishona.

Petro alipofika chumbani hakuletewa daftari la mahudhurio. Wajane walisimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizishona alipokuwa pamoja nao. Hakuwatumia wajane wa Yafa msaada kutoka mbali. Alikaa nao. Alijua nani hana vazi, na lipi litamtosha.

Mwaka 1874 wanawake Waadventista wa Battle Creek, Marekani, wakiongozwa na Martha Byington Amadon, walikusanyika kushona nguo kwa ajili ya wahitaji. Chama chao wakakiita kwa jina la Dorkasi. Jina hilo limefika hata katika makanisa ya Upareni, ambako wanawake wengi wanaitwa wana-Dorkasi.

Ni rahisi kuipima huduma kwa sare zilizopendeza, kiasi cha mchango, au idadi ya waliosafiri kwenda kwenye kongamano. Vitu hivyo vina nafasi yake. Lakini siku ya kilio katika Yafa, ushahidi uliotolewa ulikuwa nguo zilizovaliwa na maskini. Na kwa habari ya mama huyo aliyefufuliwa, watu wengi walimwamini Bwana.

Kama wahitaji wa kanisa lako wangeulizwa leo, wangeonyesha nini?

JUMANNE
Msaragambo

Soma Kutoka 18:13–26. Yethro aliona kosa gani katika bidii ya Musa, na alishauri nini?

Musa hakuwa mvivu wala mbinafsi. Aliketi asubuhi hadi jioni akiwahudumia watu. Hata hivyo Yethro alimwambia kwamba jambo hilo si jema, kwa kuwa litamchosha yeye na kuwachosha watu pia. Kiongozi anayefanya yote hujiumiza, na huwazuia wengine wasikue.

Wapare wanalo neno la zamani kwa kazi ya pamoja: msaragambo. Barabara au mfereji ukiharibika, watu huitwa, na kila mmoja huja na jembe lake. Mfereji wa wengi hauzibuliwi na mtu mmoja.

Historia ya kanisa Upareni yathibitisha hilo. Mwaka 1903 wamishonari Johannes Ehlers na A. C. Enns kutoka Ujerumani walianza kazi Giti, katika milima hii. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamishonari Wajerumani, ujumbe haukuondoka nao. Ulikuwa umekwisha kuingia katika mioyo na mikono ya wenyeji.

Basi kiongozi mwenye busara hajiulizi tu, "Nitafanya nini mwaka huu?" Hujiuliza pia, "Nani ataweza kufanya nisipokuwapo?" Humpa binti aongoze ibada akiwa bado anatetemeka, na humketisha karibu na mtunza hazina ajifunze. Akikosea, humrekebisha faraghani. Paulo aliagiza wanawake wazee wawafundishe walio vijana (Tito 2:3–5), na hakuna ajifunzaye kazi ambayo hajapewa kuigusa.

Taja kazi moja unayoishika ambayo mwingine angeweza kuifanya. Ni nini kinachokuzuia kumpa?

JUMATANO
Mabinti Watano Mbele ya Hema

Soma Hesabu 27:1–7. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa walidai nini, na Mungu alijibuje?

Baba yao, Selofehadi, alikufa bila mwana wa kiume. Kwa desturi, jina lake na urithi wake vingepotea. Mabinti hao hawakunung'unika hemani. Walisimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakaeleza shauri lao kwa heshima na kwa hoja. Musa alilipeleka kwa Bwana, na Bwana akasema kwamba wamenena vema.

Katika miaka ya 1940 watu wa Upareni walipinga kodi ya kikoloni iliyoitwa mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka hadi Same, makao ya wilaya, kuwasilisha malalamiko yao. Mgogoro ulipoendelea na nyumba zikakosa wenyewe, wanawake wa Usangi walijitokeza kwa mamia mwaka 1946 mbele ya mkuu wa wilaya, wakidai jambo hilo limalizwe. Baadaye kodi hiyo ilifutwa.

Huduma za Wanawake haziishi jikoni wala kwenye kwaya. Kanisani yuko mjane ambaye baada ya arobaini ya mumewe anaambiwa aliache shamba. Kumwombea ni vyema. Kufuatana naye hadi kwenye baraza la ardhi la kijiji ni sehemu ya maombi hayohayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kiongozi anayelijua hilo anaweza kumwokoa mwenzake na machozi ya miaka mingi. Naye afanye kama wale mabinti watano, kwa ukweli na bila matusi.

ALHAMISI
Euodia na Sintike

Soma Wafilipi 4:2, 3. Paulo alishughulikiaje ugomvi wa wanawake wawili watendakazi?

Hatujui waligombania nini. Huenda ni vema hivyo, kwa maana kila kanisa linaweza kuandika hapo sababu yake: nani awe mwenyekiti, nani hakutajwa kwenye shukrani, nani alipika makambini bila kusaidiwa.

Paulo hakumpa mmoja haki na mwingine kosa. Alimsihi Euodia, akamsihi na Sintike, kila mmoja kwa jina lake. Alimwomba mwenzake mmoja awasaidie, kwa kuwa kuna magomvi ambayo wawili hawawezi kuyamaliza peke yao. Kisha akakumbusha kwamba wanawake hao walishindana pamoja naye kwa ajili ya Injili, na kwamba majina ya watendakazi hao yako katika kitabu cha uzima. Walioandikwa pamoja huko hawana budi kujifunza kuketi benchi moja hapa.

Soma pia Mathayo 18:15. Hatua ya kwanza ni kwenda kwa mhusika mwenyewe, si kwa jirani yake.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote, sura inayohusu Yesu kuwaita wanafunzi wake wapumzike.

Mwaka 1898 S. M. I. Henry, aliyewahi kuwa mgonjwa wa kiti cha magurudumu, alianzisha huduma kwa wanawake Waadventista huko Marekani. Alifariki Januari 1900, kazi ikiwa bado changa. Mwaka 1995 Konferensi Kuu iliifanya Huduma za Wanawake kuwa idara kamili. Mpanzi hakuyaona mavuno, lakini mbegu haikupotea.

Eliya alidhani amebaki peke yake. Mungu alimwambia kwamba wako 7,000, kisha akampa Elisha (1 Wafalme 19:16–18). Mama aliyesema "msinichague" huenda hahitaji kuachishwa kazi. Huenda anahitaji mkate, usingizi, na Elisha wake.

Maswali ya Kujadili:

1. Kamati ya uchaguzi ikimchagua kiongozi wa wanawake, kanisa lina wajibu gani kwake mwaka mzima? Taja mambo matatu ambayo kanisa lenu litafanya.

2. Je, yupo kiongozi kati yenu aliyechoka na hajasema? Nani atamtembelea juma hili, na atamchukulia kazi gani?

3. Kuna tofauti gani kati ya kuchoka katika kutenda mema na kukata tamaa ya kutenda mema? Wagalatia 6:9 inaahidi nini kwa yule asiyezimia moyo?