Chakula Kijengacho Misuli

Katika soko la Temeke, na la Tandale upande wa Kinondoni, huuzwa maharagwe, kunde na mbaazi. Huuzwa pia dagaa, nyama na mayai. Watu wengi husema kwamba nyama peke yake ndiyo ijengayo mwili, na maharagwe ni chakula cha asiye na fedha. Neno hilo yafaa lichunguzwe.

Misuli hujengwa kwa protini. Tumboni protini ya chakula huvunjwa ikawa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, navyo huchukuliwa na damu mpaka mahali pa kazi. Aina zake ni 20, na katika hizo aina 9 mwili hauwezi kuzifanya wenyewe. Sharti zitoke katika chakula.

Fundi wa nyumba ya udongo huhitaji miti, fito na kamba. Kamba zikimwishia, kazi husimama, ijapokuwa fito zimejaa uani. Ndivyo ulivyo mwili. Nyama, samaki, mayai na maziwa vina aina zote 9 kwa kadiri ifaayo. Mahindi yamepungukiwa na aina iitwayo lisini. Maharagwe yana lisini nyingi, ila yana methionini chache, nayo imo katika mahindi. Kwa hiyo katika makande, au ugali kwa kunde, kila kimoja humpa mwenziwe kilichompungukia.

Tena kipimo kiangaliwe. Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini kama gramu 20 au zaidi kidogo, karibu sawa na nyama mbichi. Lakini maharagwe yakipikwa hunywa maji mengi. Gramu 100 zilizoiva zina protini gramu 8 au 9 tu. Basi alaye maharagwe hana budi kujaza bakuli, wala si kuonja mchuzi.

Upungufu huwadhuru kwanza watoto. Mwaka 1935 Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika habari za watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi. Miguu yao ilivimba, nywele zikageuka rangi, na wengi walikufa. Waswahili huuita ugonjwa huo kwashakoo. Leo wataalamu wanajua kwamba una sababu zaidi ya moja, lakini chakula duni ni mojawapo. Mama asiyeweza kununua nyama aweza kutia dagaa waliosagwa katika uji wa mtoto, na kumpa kunde zilizopondwa.

Wala chakula peke yake hakitoshi. Misuli hukua kwa kazi na michezo. Akaaye kitako mchana kutwa, nyama haitamtia nguvu.

Maswali
1. Kwa nini makande hujenga mwili kuliko mahindi matupu?
2. Maharagwe yakipikwa hupatwa na nini?
3. Taja vyakula vitatu vya protini vinavyopatikana sokoni kwenu.