Ukiwa Mgeni Kijiweni: Somo la Paulo, Akila na Priskila



Leo tufungue Matendo ya Mitume sura ya 18. Wengi huwa tunaipita haraka kwa sababu haina gereza linalotikisika wala kiwete anayeruka. Lakini kwa kijana aliyemaliza shule au chuo, hana mwajiri, na anakula kwa kazi ya mikono yake, sioni sura nyingine iliyo karibu naye kama hii. Unapiga picha za harusi? Unashona? Unatengeneza simu, unaendesha bodaboda, unasherehesha, unanunua usipa Mbamba Bay na kuupandisha Mbinga mjini? Basi kaa hapa kidogo.

Paulo anaingia Korintho karibu mwaka 50 baada ya Kristo. Anatokea Athene, ambako baadhi walimcheka aliposema habari za ufufuko na wachache tu wakaamini. Yuko peke yake. Sila na Timotheo bado wako Makedonia. Mji ni mkubwa, una bandari, una watu wa kila aina, na yeye hana ndugu pale. Anaanzia wapi? Mstari wa 2 na wa 3 unatuambia: anamkuta Myahudi mmoja aitwaye Akila, mzaliwa wa Ponto, na mke wake Priskila. Hawa nao wamefika juzi tu kutoka Italia, kwa sababu Kaisari Klaudio ameamuru Wayahudi waondoke Roma. Paulo anakwenda kwao, na kwa kuwa kazi yao ni moja, anakaa nao na kufanya kazi pamoja nao. Kazi yenyewe ni kushona mahema.

Mistari miwili tu, lakini imebeba mengi. Kwanza, wenyeji wake nao ni wageni. Mara nyingi tunadhani kila aliyetutangulia kijiweni ni mzee wa mji, kumbe naye alifika mwaka jana na mfuko mmoja. Pili, Paulo hakufika akijitangaza kuwa yeye ni mtume na sasa apikiwe. Alikaa penye kazi. Na kushona ni kazi isiyoficha mtu: baada ya saa chache tu mwenzako ameshaona kama mshono wako umenyooka au umepinda. Barua yake ya utambulisho ilikuwa ule mshono.

Sasa tuje kwetu. Karibu kila kazi ya kujiajiri ina kijiwe chake. Bodaboda wana chao, na katika vijiwe vingi kuna mwenyekiti, katibu, kiingilio, zamu, na mchango mwenzao akifiwa au akipata ajali. Wapiga picha wana umoja wao, mafundi cherehani nao hivyo hivyo. Vingine viko chini ya mwembe, vingine viko ndani ya simu. Na mgeni huingia namna gani? Anasalimia, halafu hapo hapo: “Jamani naomba kazi, yoyote ile.” Wiki tatu baadaye anaondoka akilalamika kwamba watu wa kule wana roho mbaya, wanapeana kazi wao kwa wao.

Tuwatendee haki wenyeji. Wanapeana kazi wao kwa wao kwa sababu wanajuana. Chukua mfano wa mpiga picha hapa Mbinga. Kahawa ikishauzwa na hela ikaingia, Jumamosi zinajaa harusi. Mtu mmoja anaitwa harusi mbili siku moja, moja mjini na nyingine parokia ya mbali huko milimani. Lazima moja ampe mwenzake. Atampa nani? Usifikiri atampa yule mwenye kamera kali kuliko wote. Atampa yule ambaye ana hakika atafika kanisani kabla ya bibi harusi. Padre hatarudia maagano eti kwa sababu betri imekata. Likiharibika jambo pale, mteja hatamtafuta mgeni, atamtafuta aliyemleta. Kwa hiyo anayekupa kazi anakukopesha jina lake, na jina halikopeshwi kwa mtu uliyemsalimia mara moja.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza unaweza kukushangaza: jiunge na kijiwe wakati kazi hakuna. Wapiga picha wanajua Kwaresima ilivyo, hakuna harusi, kamera zinalala. Wengi huona ni kipindi cha njaa tu. Kwa mgeni ni kipindi cha neema, maana wenye ujuzi wana muda wa kukaa na kuongea. Beba begi la mtu. Shika taa kwenye sherehe ndogo. Fika saa uliyosema utafika, hata kama ni kazi ya kupanga viti. Kwenye fukwe zetu za Ziwa Nyasa mambo ni hayo hayo: mfanyabiashara mpya wa usipa anayefika alfajiri wakati mitumbwi inarudi, akasaidia kushusha, akajua nani huvua wapi na nani hukausha vizuri bila mchanga, huyo baada ya mwezi anapigiwa simu mzigo ukiwa mzuri. Yule anayekuja saa nne na kuuliza “bei gani?” anapata kilichobaki.

Halafu kuna suala la kuuliza. Ukisema “nifundisheni kupiga picha”, hakuna atakayejibu, na si kwa ubaya. Swali lenyewe ni kubwa kama ziwa. Lakini ukisema, “Jana ndani ya kanisa picha zangu zote zimetoka na rangi ya njano, taa zilikuwa hivi, nimejaribu kufanya hivi na hivi, bado,” utapata majibu kutoka kwa watu watano na wawili kati yao watabishana. Onyesha ulichokwisha kujaribu. Na ukishafanikiwa, rudi useme kilichokusaidia ni kipi. Wachache sana hurudi (wale wakoma kumi wa Luka 17 mnawakumbuka), na anayerudi huwa hasahauliki.

Bei nayo ina mtego wake. Mgeni mwingi anashusha bei nusu nzima akidhani huo ndio unyenyekevu. Ndugu yangu, huo si unyenyekevu. Unampokonya mwenzako ada ya mtoto wake, na wewe mwenyewe cherehani ikiharibika hutakuwa na hela ya kuitengeneza. Uliza kwanza bei za pale zikoje na kwa nini ziko hivyo. Mtu anaweza kuniambia, lakini frateri, Paulo alijivuna kwamba huko Korintho alihubiri bila malipo, 1 Wakorintho 9:18. Kweli. Injili aliitoa bure. Kuhusu mahema, sijasoma popote kwamba aliyauza nusu bei! Ukitaka kumsaidia maskini, msaidie wazi wazi, kama sadaka yako. Hilo hakuna mwenzako wa kazi atakayelilalamikia.

Hapa nataka niwakumbushe kitu cha wazee wetu Wamatengo, maana nina hofu vijana wengi tunakijua jina tu. Zamani ukoo ulikuwa na sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, na chakula kilitoka katika nyumba mbalimbali, kila nyumba ikileta chake. Pale pale ndipo magomvi yalipoamuliwa, kazi zikapangwa, na vijana wakafundwa. Nyumba iliyopungukiwa ilionekana bila kutangazwa, na watu wake walikula kama wengine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao Wajapani wameliandika jambo hili, na pia ngokela, ule utaratibu wa majirani kuja kulima shambani kwako leo ili kesho nawe uende kwao. Makazi na maisha yalipobadilika, sengu ikafifia. Lakini tazama ilivyokuwa ikifanya kazi: sahani zilitoka kila nyumba. Anayekuja kila siku mikono mitupu alikuwa anaharibu chakula cha wote.

Mgeni atasema, mimi nina nini cha kuleta? Unacho. Wewe uliyetoka shule juzi unajua kuandika barua ya maombi kwa halmashauri, mzee wa kijiwe hajui. Unajua kupanga hesabu kwenye simu. Una pikipiki ya kwenda kuchukua vitambaa. Una sikio la kumsikiliza mwenzako aliyekataliwa kulipwa. Sahani ndogo nayo ni sahani.

Turudi kwenye sura. Mstari wa 24, tumeshahamia Efeso, ambako Paulo amewaacha Akila na Priskila na kuendelea na safari. Anafika mgeni mwingine, Apolo, mtu wa Aleksandria. Huyu ni fundi wa kuongea, anayajua Maandiko, ana moto. Ila ana pengo: anaujua ubatizo wa Yohane tu. Priskila na Akila wanamsikia sinagogini akihubiri kwa ujasiri. Wangeweza kumkatisha mbele za watu. Hawakufanya hivyo. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu wakamwandikia barua ili wanafunzi wa huko wampokee.

Mimi ningekuwa na nafasi ya kuuliza swali moja tu kabla ya kujiunga na kijiwe chochote, ningeuliza: hapa Apolo anafanywaje? Mtu mwenye kipaji lakini mwenye pengo, anachekwa? Anaogopwa asije kuchukua wateja? Au anaitwa pembeni, anarekebishwa, halafu anaandikiwa barua? Na upande wa pili, tumtazame Apolo mwenyewe. Msomi wa Aleksandria amekaa chini akifundishwa na washona mahema, mmoja wao mwanamke, na hakuna mahali panaposema alinuna. Sisi wenye shahada tunajua jambo hilo lilivyo gumu. Mwenye cheti cha ubunifu wa mavazi aambiwe na mama wa darasa la saba kwamba kola yake imekaa vibaya... kuna jasho pale.

Si kila kijiwe ni cha Akila. Sura inayofuata, ya 19, inatuonyesha kingine, na kipo Efeso ile ile. Demetrio, mfua fedha, anawakusanya mafundi wenzake waliokuwa wakitengeneza vihekalu vya Artemi. Hoja yake ya kwanza ni moja: jamani, mapato yetu yanatokana na kazi hii. Ya pili, heshima ya mungu wao, inafuata nyuma. Mji mzima ukachafuka, watu wakapiga kelele kwa muda wa saa mbili, na Luka anaongeza neno linalonichekesha kila nikilisoma: wengi wao hawakujua hata kwa nini walikuwa wamekusanyika (19:32). Makundi mangapi ya simu yako hivyo!

Dalili za kijiwe cha Demetrio zinaonekana mapema. Mazungumzo yote ni juu ya adui. Hakuna anayemfundisha mtu kazi. Unadaiwa hela ya “usajili” kupitia simu kabla hujaona kazi wala sura ya mtu. Hapo usisubiri kuombea, ondoka. Na kuna vile vikundi vinavyoundwa haraka haraka kwa sababu ya mikopo ya halmashauri. Mikopo yenyewe ni jambo jema: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini kikundi ambacho wanachama wake wamefahamiana siku ya kujaza fomu hakiwezi kubeba deni. Hela ikigawanywa kila mtu anashika njia yake, na anayebaki kusumbuliwa ni yule mwaminifu mmoja. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alieleza kwamba vyama vya wafanyakazi vinapambana kwa ajili ya haki na mema ya watu, si kwa lengo la kuwaangamiza wengine. Demetrio hakuwa na habari hiyo.

Aristotle anasema urafiki uko wa aina tatu: wa manufaa, wa raha, na wa wema; na ule wa manufaa hukatika manufaa yakiisha. Darasani tulibishana sana kama watu wanaokutana kwa sababu ya kazi wanaweza kuvuka kutoka ule wa kwanza kufika wa tatu. Nawapelekea Paulo na Akila. Walikutana kwa sindano na uzi. Baadaye nyumba ya Akila na Priskila ikawa mahali Kanisa linapokutania (1 Kor 16:19), na Paulo akaandika kwamba watu hao waliziweka shingo zao hatarini kwa ajili ya uhai wake (Rum 16:4). Katika barua ya pili kwa Timotheo, ile ya mzee anayejua safari yake imefika, bado anaagiza: wasalimu Priska na Akila (4:19).

Kanisa linawakumbuka wawili hawa tarehe 8 Julai, kahawa ikiwa inachumwa.

Kwa ninyi wa VIWAWA, hii itafaa kikao chenu kijacho kwa njia yetu ya Ona, Amua, Tenda aliyotuachia Kardinali Cardijn. Someni Mdo 18:1-4 na 18:24-28, kisha 19:23-41. Kila mmoja ataje kijiwe anachoshiriki, na aseme nani aliyeingia wa mwisho pale. Jina lake analijua? Anajua kazi yake ina pengo gani? Halafu mkubaliane nani atakwenda kumwita pembeni, na lini.