Antena, Mwezi na Yakini



Ndugu zangu, usiku wa kuamkia 30 Ramadhani nilikuwa dukani kwa shangazi, karibu na Petite Barrière. Duka lenyewe ni kontena la chuma. Tulikuwa tukingoja tangazo la mwezi kwenye televisheni. Sauti ikasema "mwezi…", picha ikaganda. Kijana mmoja akatoka mbio: "Umeandama! Kesho Idi!" Mama mmoja anayevuka kila siku kuuza mboga Goma akapiga simu nyumbani: wasiamke kula daku.

Mimi nikaitazama antena. Ilikuwa juu ya friji. Tulifanya haya, nayo yanafaa pia kwenye gari la kulala au nyumba ya mabati:

1. Tuliitoa nje. Chuma huzuia mawimbi.
2. Tuliifunga kwenye mti mrefu juu ya paa. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na Rubavu ni mji wa vilima.
3. Tuliigeuza kidogo kidogo, mmoja akisoma kipimo cha mawimbi kwenye king'amuzi. Analogia ilikuwa ikionyesha chenga. Dijitali mawimbi yakipungua mno huganda au hukatika kabisa.
4. Tulikata ncha ya waya iliyoota kutu, tukaiunga upya.
5. Tukatafuta chaneli upya.

Tangazo likarudiwa: mwezi haukuonekana. Yule mama akapiga simu tena, haraka.

Sasa somo letu. Katika kanuni tano kuu za fiqhi, moja husema yakini haiondolewi na shaka. Yakini yetu usiku ule ilikuwa kwamba tumo ndani ya Ramadhani. Neno moja lililokatika ni shaka. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwezi ukifichwa na mawingu tukamilishe thelathini. Na Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitenda, tusije tukajuta.

Kijana yule hakusema uongo kwa kukusudia. Alimalizia tu sentensi ambayo hakuisikia. Nasi tunafanya vivyo hivyo kila tunaposambaza ujumbe wa simu tuliousoma nusu. Funga ya familia nzima ingepotea kwa antena iliyowekwa juu ya friji.

Basi habari ikikatika, rekebisha antena kwanza, ndipo ufungue mdomo.

Wabillahi tawfiiq.